Mdomo wa Pili wa Mashine

Basi jua la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley lilikuwa linazama Osob alipokwenda ofisini kumpelekea Abdilatif maziwa. Maziwa yalikuwa kisingizio tu, na kijana alijua.

"Leo nimeinasa, habaryar," alisema Abdilatif. Ndivyo Wasomali wanavyomwita dada ya mama.

Kompyuta ya ofisi ilikuwa na programu ya kutafuta watu waliopoteana vitani. Ukiipa jina, inamwaga majibu kwenye kioo cheusi, yanapanda mbio, yanapotea kabla jicho halijayashika. Osob ameyatazama yakipita mpaka macho yakamuuma, asijue kama binti yake Sahro, aliyepotea akiwa mtoto mdogo, amepita nayo. Sasa Abdilatif alikuwa ameandika programu nyingine, ya kuiendesha ile ya kwanza na kukinga kila neno inalotema, liingie kwenye faili.

"Kioo kitakaa kimya, tutasoma polepole. Ila tungoje asubuhi."

Kwao jina la aliyepotea haliitwi magharibi. Huenda akaitika asiyeitwa.

"Na asubuhi jenereta itakuwa na mafuta?"

Kijana akavuta kibao cha herufi. Akaandika jina la Sahro, la baba yake, la babu yake.

Kioo kikanyamaza.

Kisha... harufu ya udongo uliolowa. Na mvua hawajaiona tangu Ramadhani.

Neno moja likajitokeza kiooni.

"Nisomee," Osob akanong'ona.

"Hooyo."

Mama.

"Si ulisema umeikinga?"

"Programu ina midomo miwili, habaryar. Mmoja wa majibu, mmoja wa makosa. Nimekinga ule wa kwanza. Hilo ni kosa tu."

"Kosa linaniita mama?"

Abdilatif akafungua faili. Tupu. Kiooni likaja jingine, na safari hii alilisoma kwa shida.

"Linauliza... nani ameniita."

Akanyoosha mkono kuizima. Osob akaudaka.

"Niachie. Kwa maziwa ya mama yako uliyonyonya, niachie."

Abdilatif aling'oa waya kwa mguu. Kioo kikafa.

Kimya...

Ndipo ikaja sauti nje, kwenye ua wa miiba.

"Hooyo."

Sauti ya Sahro. Na kithembe chake kile kile, cha pengo la meno ya mbele.

"Usiitike," Abdilatif alisema. "Sahro sasa ni msichana wa kuposwa. Huyo ni mtoto mdogo."

"Najua," alisema Osob. "Najua, mwanangu."

Na mkono wake ukalivuta komeo.