Supu Iliyosingiziwa

Kila Jumamosi, Fébronie na shangazi yake, Thacienne, walipanda basi kutoka mtaa wa Liverpool kwenda mtaa wa Bankstown kununua mboga. Jumamosi moja shangazi aliingia katika mkahawa wa Kivietinamu, akaagiza mabakuli mawili ya supu ya tambi na nyama ya ng'ombe.

"Mimi sili vitu vya watu nisiowajua," Fébronie alinuna.

"Leo utaonja."

Mwenye mkahawa alikuwa Mama Linh, ambaye binti yake, Linh, alisoma darasa moja na Fébronie. Alileta supu na kibakuli cha pilipili. "Weka kidogo tu, ni kali," alimwonya.

"Kwani mimi mtoto mchanga?" Fébronie alinong'ona kwa Kiswahili. Akatia vijiko vitatu, akala kwa hasira. Koo likawaka moto. Alikimbia nje akatapika kando ya barabara, na vijana wa shule yao waliokuwa kwenye kituo cha basi wakamcheka.

Jumatatu darasani, msichana mmoja alimuuliza kama ni kweli alitapika.

"Nyama ilikuwa imeoza," alijibu.

"Mwongo wewe!" Linh alisimama. "Mama hununua nyama kila siku alfajiri!"

"Mwongo mama yako!"

Wakasukumana mpaka mwalimu akawatenganisha. Kuanzia hapo Linh alikula peke yake, na wenzake walimpita wakiziba pua. Wazazi walionyana kwa simu. Kufikia Alhamisi, viti vya mkahawa vilikuwa vitupu.

Habari zilimfikia shangazi kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi amefura.

"Tulikula supu ya sufuria moja. Mbona mimi sikuumwa?"

Fébronie akakiri kuwa ni pilipili.

"Vaa viatu," shangazi alisema. "Twende mkahawani."

Walipofika, Mama Linh hakutabasamu. Fébronie alipoomba radhi, mama huyo alisema, "Usiniambie mimi. Waambie uliowadanganya."

Kesho yake Fébronie alisimama mbele ya darasa. "Nyama haikuoza. Nilijaza pilipili, nikaona haya kusema." Wengine walimzomea. Mwalimu aliwaandikia wazazi wote, na wiki iliyofuata watu walipanga foleni tena mkahawani. Linh, hata hivyo, alihamia dawati la mbali na Fébronie.

"Hataki hata kunitazama," Fébronie alilalamika.

"Ana haki," shangazi alisema. "Kutapika si kosa, na aibu yake ingekwisha siku ileile. Wewe ukasema uongo ili aibu hiyo aibebe mwenzako. Ukweli umerudisha wateja. Imani ya Linh utaitafuta mwenyewe, kwa kusema kweli kila siku, hata kama itachukua mwaka mzima."