Fundi Hulala Kwanza

Mama alimwita binti yake mara tatu. Maji ya chai yalikuwa yamekauka jikoni. Binti alisimama palepale, kijiko mkononi, macho mbali.

"Umeenda wapi tena?" mama akauliza.

"Nipo, mama. Nilikuwa natafuta neno."

"Litafute na sufuria nyingine. Hii imeshaungua."

Ndiyo maana nyumbani walimwita Mawingu. Alikuwa amemaliza masomo, na ndoto yake ilikuwa moja: kukaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha, awaandikie wenye biashara matangazo yao, na kazi hiyo imlishe. Lakini shangazi yake alikuwa amemtafutia nafasi dukani, katika mji wa mbali. Mama alimpa mwezi mmoja. Asipopata wateja, afunge mizigo.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi magodoro wa mtaa wa pili. Alitaka tangazo fupi. Mawingu hakumuuliza kitu. Alikaa dirishani siku mbili, akiandika na kuelea. Kisha akampelekea.

Fundi akasoma kwa sauti. "'Pumzika juu ya wimbi la fedha, usiku ukubembeleze.' Maneno matamu, binti yangu. Lakini hili wimbi linauzwa wapi? Mimi nauza magodoro."

Mawingu akatazama chini. "Nitaandika upya."

"Niletee Ijumaa. Ukishindwa, nitaandika mwenyewe ukutani kwa mkaa."

Alirudi nyumbani akiburuta miguu. Jirani yao, Mama Nukta, alikuwa anaanika nguo. Mama huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Alisahihisha maandishi, na hata nukta moja ikikosekana aliiona.

"Mbona uso umekunjamana kuliko shuka hili?" akauliza.

Mawingu akamsimulia yote.

"Ulimuuliza nini kabla ya kuandika?"

"Sikuuliza. Niliwaza tu."

"Basi uliandika godoro lako, si lake. Rudi na daftari. Muulize nani atasoma, msomaji huyo anataka kujua nini, na akishasoma afanye nini. Halafu kaa uangalie kazi yake. Na mapatano yenu yako wapi?"

"Mapatano gani?"

Mama Nukta akacheka mpaka kibanio kikamdondoka. "Mwandishi asiyeandika mapatano! Wekeni kwenye karatasi: kazi ni ipi, itakuwa tayari lini, malipo ni kiasi gani, na utamrekebishia mara ngapi. Bila hivyo utarekebisha mpaka uote mvi."

"Na ndoto zangu nizitupe?"

"Nani kasema? Ota, mwanangu. Lakini kwanza ujue unaota kuhusu nini."

Kesho yake Mawingu alikaa karakanani kwa fundi. Nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga, polepole, na moyo wake ukaelea nazo. Safari hii daftari lilikuwa wazi. Waliandika mapatano, kisha akauliza. Fundi akajibu kwamba wateja wake wengi wanaumwa mgongo, na wanaogopa godoro linalobonyea.

Alipomaliza kushona, fundi alivua viatu, akajilaza juu ya godoro, akafumba macho. Mawingu akasubiri.

"Umechoka, fundi?"

"Nalikagua. Kila godoro nalilalia kwanza. Nikisikia bonde mgongoni, nalifumua."

Kalamu ikaanza kwenda.

Ijumaa alileta mistari mitatu: "Godoro halitoki hapa kabla fundi hajalilalia. Akisikia bonde, analifumua. Njoo ujilaze na wewe, ndipo ununue."

Fundi akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. "Huyu ni mimi," akasema.

Tangazo likabandikwa mlangoni. Watu wakaja, wakavua viatu, wakajilaza. Bibi mmoja alipitiwa na usingizi kweli, na alipoamshwa hakutaka godoro jingine ila lile. Fundi akamtuma seremala kwa Mawingu. Seremala akamtuma mpiga picha. Kila mmoja aliulizwa kwanza, akaandikiwa baadaye.

Mwezi ulipoisha, shangazi akapiga simu. Mama alichungulia dirishani. Binti yake alikuwa ameinama juu ya karatasi, midomo ikichezacheza, akionja neno. Mama akasogea mbali na dirisha, simu sikioni, akanong'ona:

"Nafasi hiyo mpe mwingine, wifi. Mwanangu yuko kazini."