Sauti Isiyovuta Pumzi

"Binti, si tumeshaongea alfajiri?" alisema Mzee Mwinyimvua, mwenye gesti pale Dunda. "Nimeshakubali. Wanirai nini tena?"

Adila aliitazama simu. Alfajiri alikuwa amelala.

Kampuni yao ilifundisha watu biashara. Kazi yake ilikuwa kupiga simu kutwa kucha na kuwashawishi wenye maduka na magesti wajiunge. Alikuwa na shahada ya takwimu, na miezi mitatu ya majaribio iliyokuwa ikiisha Ijumaa: wateja kumi na wawili, la sivyo aondoke. Kwa hesabu yake alikuwa na wawili. Kwenye ubao, bosi wake, Cosmas, alikuwa ameandika saba.

"Kumbe ukikamuliwa una tui!" Cosmas alicheka.

"Hao watano si wangu, bosi."

"Sauti ni yako. Zimerekodiwa, kasikilize."

Alisikiliza. Ilikuwa sauti yake kweli, hata ile tabia yake ya kukohoa kidogo kabla ya kutaja jina. Lakini simu ile ilikwenda dakika tisa, na katika dakika zote tisa, jambo alilolihakiki mara tatu, sauti haikuvuta pumzi hata mara moja. Alipovua vipokea sauti, masikio yake yalinuka udi.

Basi kila jina lilipoongezeka ubaoni, koo lake lilizidi kukauka. Jumatano majina yakawa kumi na moja, naye hawezi ila kunong'ona. Wenzake wakamwambia anaringa.

Alhamisi saa saba mchana, wote walipotoka kwenda kula, alimwingiza ofisini Bi Kuruthumu, mganga kutoka Miono.

"Huyo jini, ulimkaribisha?" aliuliza bibi.

"Kuna namba ilipokelewa kimya," Adila alinong'ona. "Bosi kakataza kukata simu kabla ya mteja. Nikayasoma maneno yote mpaka mwisho, peke yangu kama mwehu. Ndipo mtu akasema, 'Nimekubali.' Nikamwambia karibu sana ofisini kwetu."

"Na shahada yote hiyo!" Bi Kuruthumu alisonya. Adila akamsihi: "Nirudishie sauti yangu, bibi. Kazi waichukue."

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho ya Adila mwenyewe, na yalimtoka kwa shida.

Mganga akafukiza ubani, akamfunika kaniki. "Wewe uliyemkalia mtoto wa watu! Wataka nini utoke?"

"Shikamoo, bibi," ilijibu sauti kinywani mwa Adila, laini, ya kupendeza.

"Marahaba. Sikuja kuamkiana. Toka!"

"Nitatoka. Swali moja tu: wagonjwa wako wamepungua tangu lini?"

Adila alilijua swali hilo, maana Cosmas aliwakaririsha kila asubuhi kwamba usiuze kitu kabla hujakiona kidonda cha mteja, nalo lile jini lilikuwa limekaa humo kooni mwake likijifunza pamoja naye, likisubiri, na sasa alitaka kumpigia bibi ukelele asijibu, azibe masikio, akimbie, lakini ulimi wake ulikuwa umebanwa kama kwa vidole.

"Tangu waganga vijana wa Lugoba waanze kujitangaza kwenye simu," alisema bibi.

"Na mkoba wako wa dawa, nani ataurithi?"

Chetezo kilishuka taratibu mpaka sakafuni. "Hakuna anayeutaka, mwanangu."

"Pole sana, bibi. Hebu tuzungumze."

Walizungumza mpaka makaa yakawa majivu. Bi Kuruthumu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaomba fomu ya kujiunga, akatia dole gumba.

Cosmas aliporudi aliiona mezani. "Wa kumi na mbili! Adila, mkataba unao! Niandike mwaka mmoja?"

Adila aliuziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, akabana meno mpaka yakauma.

"Asante, bosi," ilisema sauti yake, safi kabisa. "Andika wa maisha."