Hodi ya Nne

Mwalimu Deusdedit Kunambi alisafisha koo, akauliza hewani, "Fortunatus Kunambi yuko wapi?" Punje iliyokaa nyuma ya sikio lake la kulia ikaanza kazi. Kufumba na kufumbua ilikuwa imepekua sajili za makazi za miji yote, orodha za mafundi, picha, barua na hata majina ya makaburini, kisha ikamnong'oneza jibu. Kifaa hicho kiliitwa kinong'ono. Mwaka ule wa 2091 karibu kila mtu mzima wa Morogoro alikuwa nacho, na zile zama za watu kuinamia vioo mkononi ili kuuliza jambo zilibaki kuwa mambo ya makumbusho.

"Inasemaje, Baba?" aliuliza Eusebia, binti yake.

"Inasema magodoro ya Fortuna ni laini, na yanaletwa mpaka mlangoni."

Eusebia aliweka kikombe chini kwa kishindo. Hii ilikuwa mara ya sita. Mara sita ndani ya mwezi mmoja alikuwa amekisafisha kinong'ono kile kwa mikono yake, yeye mhandisi wa kiwanda kilichovitengeneza, na mara sita yale magodoro yamerudi. Alijisikia kama mganga ambaye wa kwake mwenyewe hawaponi.

Na magodoro yalikuwa yakimzuia baba yake kumpata ndugu yake. Fortunatus alikuwa mdogo wake Mwalimu, tumbo moja. Miaka kumi na moja nyuma waligombana juu ya mahali pa kumzika mama yao, mmoja akitaka azikwe mlimani Uluguru alikozaliwa, mwingine akitaka mjini, karibu na watoto. Mwalimu, aliyetaka mjini, alishinda. Fortunatus alitupa koleo makaburini, akaondoka bila kuaga wala kusema aendako. Sasa Mwalimu alikuwa na miaka themanini na moja, na daktari alikuwa amemwambia mambo yasiyopendeza. Mwenyewe, kwa kuwa alifundisha ushairi maisha yake yote, aliyasema kwa namna yake: moyo umeanza kuruka vina. Kila asubuhi baada ya chai aliuliza swali lile lile, na kila asubuhi aliuziwa godoro.

Eusebia hakuhitaji vyombo ili kuujua ugonjwa. Alimwambia baba yake aulize maharage huchemka kwa muda gani. Kinong'ono kizima hutaja kwanza kilikolitoa jibu, ndipo kikatoa jibu lenyewe. Hiki kilisita kidogo, kama mtu anayegeuka kumnong'oneza mwenzake pembeni, kisha kikaanza kusifia sufuria za duka moja bila kutaja chanzo chochote. Dalili zote mbili zilikuwa wazi: ile kusita, na kila njia kuishia duka lile lile.

"Una kupe," alisema.

Kupe ndilo jina walilopewa na watu wa mtaani. Kinong'ono huruhusu kuongezewa vipachiko, yaani programu ndogo ndogo za kukipa ujuzi zaidi: cha kutafsiri, cha kukumbusha dawa, cha kukuza sauti. Vingi ni vyema. Lakini vingine hujibandika, vikayadaka maswali yako kabla hayajafika yanakokwenda, vikayapeleka kwa wauzaji. Ndio kupe hao. Hunywa taratibu, na mwenyewe hudhani amechoka tu.

Eusebia aliitoa ile punje, akaiweka juu ya kibao chake cha kusomea, orodha ikatokea. Kulikuwa na kipachiko cha kukuza sauti, cha rozari, na kimoja kilichojiita Msaidizi Mwema, ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekialika. Chini yake palikuwa na ruhusa kiliyopewa: kusoma na kubadili kila unachouliza. Kupe wa kwanza wa nyumba ile alikuja amejificha ndani ya kipachiko cha bure kilichoitwa Methali ya Leo. Mwalimu alikipenda kwa sababu kilikosea. Kilisema mgeni siku ya pili mpe jembe, naye akashinda siku nzima akikisahihisha kuwa jembe ni siku ya tatu. Eusebia alikuwa amekiondoa mwezi uliopita, na mzee akanuna siku mbili.

Safari hii alifanya kazi bila haraka. Alimng'oa Msaidizi Mwema. Akairudisha njia ya maswali ilipokuwa mwanzo. Kisha akafungua hifadhi ya nyumba, ambako kila kinong'ono huweka nakala yake ili kikipotea kingine kiirithi, akalitafuta yai ambalo kupe hutaga humo, akalifuta pia. Yai hilo ndilo huwashinda wengi. Unamtoa kupe sikioni asubuhi, jioni nakala inamrudisha. Alipomaliza, maharage yakawa maharage.

Siku mbili baadaye magodoro yalirudi.

Eusebia aliomba ruhusa kazini, akavuta kiti, akakaa mbele ya baba yake asubuhi nzima akimtazama kama askari. Mwalimu alisoma, akasinzia, akaamka, akachambua mchicha. Ghafla aliinua kichwa, akautazama mlango na kusema kwa uchangamfu, "Karibu!"

Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Unamkaribisha nani, Baba?"

"Nimesikia hodi."

Eusebia hakuwa amesikia kitu. Sheria ilisema hakuna kipachiko kitakachoingia kinong'ononi bila kuuliza kwa sauti na kujibiwa neno la kukubali. Maneno hayo yalichaguliwa na kamati, miaka tisa iliyopita, yakachomwa ndani kabisa ya kila punje: ndiyo, sawa, naam, haya. Mhandisi mmoja kijana alinyoosha mkono, akasema mashine haiwezi kuitwa ya Kiswahili kama haijui neno tunalomfungulia mgeni, akapendekeza waongeze "karibu". Wakampigia makofi. Mhandisi huyo alikuwa Eusebia.

Sasa kupe walikuwa wameligundua. Hawakuhangaika tena kujieleza. Walipiga hodi tu, kwa sauti iliyopangwa isikike kama inatoka nje ya mlango, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri alijibu kabla hajafikiri. Kadiri mtu alivyokuwa na adabu ndivyo alivyokuwa na kupe wengi. Na neno lenyewe lisingefutika bila kubadilisha punje za nchi nzima, jambo ambalo wakubwa wa kiwanda hawakutaka hata kulisikia.

Aliona aibu, na kama ilivyo kwa wengi wetu, aibu ikatokea kwa sura ya ukali. Alimwambia baba yake kwamba kuanzia siku ile akisikia hodi asiitikie.

"Nisiitikie hodi?" Mwalimu alimtazama kana kwamba ameambiwa atembee uchi. "Mwanangu, hata uliyegombana naye huitikiwa hodi."

Mzee alijaribu kupatana naye. Akasema basi angalau amuulize mtu huyo ni nani. Eusebia akakataa, kupe angetaja jina lolote, na mzee angemkaribisha tu, alimjua. Kunyamaza ndiyo dawa. Akaanza kumfundisha. Alisimama nyuma ya mlango akipiga hodi kwa sauti nzito, nyembamba, ya kilio, na mzee alipaswa kukaa kimya. Mwanzoni alishindwa vibaya. Neno lilimtoka kama chafya, naye akajifunika mdomo kwa kiganja. Lakini alikuwa mwalimu, alijua maana ya mazoezi, na wiki ya pili ilipokwisha alikaa kama gogo. Eusebia alipeleka habari kiwandani, nao wakafurahi kupata dawa isiyo na gharama. Matangazo yakabandikwa mji mzima: Ukisikia hodi, nyamaza.

Na kweli kupe walikoma. Asubuhi moja Mwalimu aliuliza swali lake, kinong'ono kikajibu bila kusita: kwa mujibu wa sajili ya mafundi ya Songea, Fortunatus Kunambi ni fundi wa pampu za maji, mtaa wa Mfaranyaki, hana kinong'ono. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Bila shaka hana. Fortu alikuwa mbishi tangu tumboni. Akachukua karatasi na kuandika kwa mkono: Fortu, moyo wangu umeanza kuruka vina. Njoo. Kirukaji cha posta kikaibeba.

Wiki mbili zilipita bila jibu. Mwalimu aliacha kuuliza chochote. Alisema kumbe ndugu yake bado ana kinyongo, na ana haki.

Alhamisi mchana Eusebia alikuwa anarudi kutoka kazini Bi Skola, jirani wa ng'ambo ya njia, alipomwita akiwa uani kwake. Aliuliza kama mgeni wao wamempata. Mgeni gani? Mzee mmoja, akasema Bi Skola, amevaa kofia ya sufu, mkononi ana mfuko wa mafundi. Alikuwa amesimama mlangoni kwao tangu saa tano. Akapiga hodi ya kwanza, akangoja. Ya pili, akangoja. Ya tatu akaipiga amevua kofia.

"Halafu akasema, 'Basi, bado ana hasira.' Akaenda zake stesheni."

Eusebia aliingia ndani. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, wali umepoa mbele yake.

"Baba, leo umesikia hodi?"

"Nimesikia. Tatu," alisema Mwalimu, kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata zote. "Sikujibu hata moja. Siku hizi hao kupe wamekuwa hodari, wameiga mpaka sauti ya Fortu."

Eusebia alitamani ardhi ipasuke. Ilimbidi amwambie, akamwambia, akiwa amepiga magoti kama alivyofanya utotoni alipovunja kitu. Mzee hakumfokea. Aliitoa punje sikioni, akaiweka kwenye kisosi, akaitazama kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi walipanda treni ya sumaku kwenda Songea. Nyumba waliipata kwa kuulizia watu, kwa midomo yao, jambo ambalo Eusebia hakuwa amelifanya kwa miaka. Kutoka ndani ilisikika tupa ikikwangua chuma. Mwalimu alivua kofia.

"Hodi."

Tupa ilinyamaza.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu. Eusebia alisikia mapigo ya moyo wake mwenyewe, akafikiria ya baba yake.

"Hodi," Mwalimu aliita kwa mara ya tatu, akangoja. Desturi inasema hodi ni tatu, zikiisha mgeni huondoka na hana wa kumlaumu. Eusebia alimshika kiwiko amgeuze taratibu. Mzee akautoa mkono wake, akasogea mpaka paji la uso likagusa ubao wa mlango.

"Hodi," akaita ya nne.

Ndani kiti kilisogea. "Nani?"

"Ni Deusi. Jana nilikusikia, Fortu. Zote tatu nilizisikia."

Kisha komeo likavutwa.