Jina Lililopigiwa Kura

Haya yalimpata Kanyiva wa Nunguni, na wanaomjua hawayasemi mbele yake. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ukungu uliondoka mapema kwenye vilima, nepi zikaanikwa uani, na mtoto aliyekuja naye kutoka hospitali jana yake, msichana mwenye nywele tele, alikuwa amelala kwenye kitanda kidogo kando ya meza. Kanyiva alikuwa bado anaketi kwa kujishikashika kiuno. Hata hivyo alikuwa mbele ya kompyuta, anaipamba blogu yake.

Blogu hiyo ya mapishi aliianza kama mchezo. Aliandika jinsi ya kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, usishike sufuria, jinsi ya kukausha majani ya kunde, na Wakamba walioko mbali wakaizoea kama jiko la dada yao. Walikuwa wameingoja mimba ile pamoja naye. Sasa mtoto alikuwa amefika, na Kanyiva hakuona sababu ya kuwapokea watu hao kwenye ukurasa uliopooza kama tangazo la mazishi.

Akaongeza vijiprogramu vya mapambo. Kimoja kiliwasha taa za rangi juu ya ukurasa. Kingine kiliangusha maua ya waridi kutoka juu hadi chini, polepole. Kingine kilimsalimu kwa jina kila anayeketi kusoma. Ukijiandikisha mara moja, kila ukifungua unakuta umeandikiwa "Karibu", na jina lako. Mume wake, Mbaluka, mwenye saiba, duka la intaneti, kule Salama, alikuwa amemwonya kwa simu asijaze vikorokoro mpaka ukurasa ushindwe kufunguka. Kanyiva alicheka tu. Kwa vitu vya kumetameta hakuwa na breki, na mapazia yake yalikuwa yanajulikana mtaa mzima.

Kijiprogramu cha mwisho alikipata bila kukitafuta. Kilikuwa cha bure, hakikuwa na jina la aliyekitengeneza, na kazi yake ilikuwa kupigisha kura ya jina la mtoto. Wageni wangechagua kati ya majina aliyoyaweka, na asiyeyapenda angeandika lake. Kilitaka mstari mmoja wa kuwakaribisha watu. Kanyiva aliandika kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angekisema mlangoni pake bila kufikiri: "Karibuni nyote, njooni mumpe jina mtoto wenu."

Ulikuwa mzaha. Jina lilijulikana tangu zamani, kwa kuwa msichana wa kwanza huitwa kwa nyanya yake mzaa baba. Huyu angekuwa Mutindi. Kesho yake wanawake wangekuja na unga na kuni, wale nyama, wambebe mtoto kwa zamu na kumwita, na wa mwisho kumwita angekuwa mwenye jina. Hivyo ndivyo mtoto anavyopata jina.

Mutindi mwenyewe, mama mkwe, ambaye Kanyiva humwita mwaitu, yaani mama, aliingia na bakuli la uji wa wimbi. Akainama kutazama kompyuta.

"Hiyo ni nini, Kanyiva?"

"Ni watu wa blogu, mwaitu. Wanapiga kura ya jina. Ni mchezo tu."

Mutindi ni mtu wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, na mambo ya kale huwa hataki kuyasikia. Lakini aliliweka bakuli chini, akateremsha sauti.

"Mtoto hajaitwa, bado si wetu. Bado ni wa wale walikufa. Mwenye atamwita ndiye anamchukua. Na wewe unaenda kuuliza watu huoni?"

"Nitaitoa, mwaitu."

"Itoe saa hii."

Hakuitoa. Kura zilikuwa zinaingia, pongezi zilikuwa zinaingia, na mama gani huchoka kusifiwa mtoto wake? Alikunywa uji huku akisoma. Akauma kitu kigumu. Alidhani ni ganda la wimbi, akakitoa mdomoni kwa vidole ili akitupe. Kilikuwa ukucha. Ukucha mpana, wa manjano, uliojikunja, na kwa ndani ulikuwa na uchafu mweusi ambao uji ulikuwa umeanza kuulainisha. Kanyiva alitapika kwenye beseni la nepi, akaendelea kutapika hata tumbo lilipobaki tupu.

Mutindi hukata kucha zake kila Jumamosi, fupi kabisa. Ule haukuwa wake.

Alirudi mezani akijifuta mdomo. Maua yalikuwa bado yanaanguka. Akasogeza uso karibu na skrini, kisha akaurudisha nyuma haraka. Hayakuwa maua tena. Zilikuwa kucha, zinaanguka polepole, zinarundikana chini ya ukurasa, na katikati yake kulikuwa na vishungi vya nywele nyeupe zilizoshikana kwa mba. Chini ya rundo hilo zilikuwa kura. Majina yake yote yalikuwa yamesimama. Jina jipya lilikuwa juu ya hayo yote, na kura zake zilipanda huku akiangalia. Mbeneka.

Alimpigia Mbaluka, akamwomba afungue blogu kule aliko.

"Naona maua," Mbaluka alisema. "Na taa. Umeweka taa nyingi sana."

"Na kura?"

"Kura gani? Hapa hakuna kura."

"Futa, Mbaluka. Nenosiri unalo, futa blogu yote. Usiniulize."

Alimsikia akibonyeza. Akamsikia akivuta pumzi.

"Imeenda. Kwangu ni ukurasa mweupe. Kwani kuna nini, Kanyiva?"

Kwake haikuwa imekwenda. Taa zilikuwa zinawaka. Kucha zilikuwa zinaanguka. Halafu kile kisanduku cha salamu kilifunguka chenyewe, kile kinachomsalimu aliyeketi mbele ya kompyuta. Mbele ya kompyuta alikuwa Kanyiva peke yake. Kisanduku kikaandika: Karibu, Mbeneka.

Hakugeuka mara moja. Alisikia kwanza. Sauti ya maji maji, ya taratibu, nyuma yake. Ng'ombe anapomlamba ndama husikika hivyo. Ikaacha. Ikaanza tena. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtoto alikuwa macho, ametulia, uso wake unang'aa. Kanyiva alimgusa kipaji cha uso. Kilikuwa na mate. Hayakuwa ya mtoto, wala hayakuwa maziwa aliyocheua. Yalikuwa mazito, yakavutika kwa vidole vyake kama bamia, yameenea kutoka nyusini mpaka kwenye nywele. Yalinuka ugoro na jino bovu. Kanyiva alimwita mama mkwe kwa sauti.

Mutindi alipofika aliusikia ule uvundo, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni jina gani limeandikwa?"

"Mbeneka."

Mama mkwe aliketi kitandani. Alimweleza akiwa ameangalia sakafu. Kathonzweni, alikozaliwa yeye, kulikuwa na mwanamke wa jina hilo, mtu wa uoi, na kila mtu alijua ni mchawi. Pakizaliwa mtoto, alifika kumwona kabla ya majirani. Alimlamba macho, akisema anamsafisha. Watoto hao walikonda wakaisha. Alipokufa, wanawe walikataa kumwita mtoto yeyote kwa jina lake, na wajukuu wakakataa pia.

"Mtu akikosa mtoto wa kuitwa jina lake, amekwisha kabisa," Mutindi alinong'ona. "Huyo hataki kuisha."

"Nifanye nini, mwaitu?"

"Tuite akina mama leo. Tumwite sisi kwanza."

Kanyiva aliichomoa kompyuta kwenye umeme, akaifunga, akaifungia stoo. Alimwogesha mtoto kwa maji ya moto na sabuni, akamfuta, akamnusa. Uvundo ulikuwa umetoka. Alimvalisha. Alipomnusa tena ulikuwa umerudi. Akamwogesha upya huku analia, si kwa woga peke yake bali kwa kinyaa, na kwa aibu ya kumwonea kinyaa mtoto wa tumbo lake.

Wanawake walikuja mchana huo huo, jua likiwa bado kali, na nyama ikawekwa motoni. Muthoki, jirani wa karibu, ndiye aliyembeba mtoto kwanza. "Mutindi," alimwita, na Kanyiva alimwona akikunja pua kisha akijilazimisha kutabasamu. Akampitisha kwa anayefuata. Mutindi. Mutindi. Kila mmoja alimwita, na kila mmoja alijipangusa mikono kwenye leso baada ya kumpitisha. Mtoto alikuwa analia mfululizo. Alilia mpaka sauti ikapasuka.

Alibaki mwenye jina. Mama mkwe alimpokea, akamwinua mbele ya uso wake. Wanawake walisogea karibu.

"Mbeneka," alisema Mutindi.

Alilisema kwa sauti yake mwenyewe, ya upole, kama anayemwita mtu chakula. Mtu mmoja alicheka kidogo, akidhani mama amekosea. Hakuna aliyecheka naye. Mtoto alikuwa amenyamaza, tulivu kabisa, macho wazi. Ndipo Mutindi akainamisha kichwa, akatoa ulimi, na akamlamba kutoka nyusini hadi kwenye nywele. Polepole. Mbele ya watu wote.

Kanyiva alimnyakua mtoto kutoka mikononi mwa mama mkwe.

Mutindi aliwatazama, akashangaa. "Mnaniangalia nini? Si nimemwita Mutindi?" Kisha akakunja uso, akaupitisha ulimi kwenye meno, akaomba maji ya kusukutua. Mdomo wake, alisema, una ladha ya ugoro. Maisha yake yote hajawahi kuugusa ugoro. Nyama ile haikuliwa. Wanawake walikumbuka kazi walizoziacha nyumbani, wakaondoka mmoja mmoja bila kumuaga mtoto.

Mtoto sasa anatambaa. Ni mnene, hana hata kikohozi, na kliniki wanamsifu. Ukimwita Mutindi hageuki. Lile jina lingine hakuna anayelitamka pale nyumbani, na Mbaluka, ambaye siku hiyo hakuwepo na bado anabisha, hajathubutu kulijaribu. Mbele ya kichwa, nywele zake zimelala zote kuelekea nyuma, na ni mbichi. Kanyiva huzikausha kwa taulo, humkalisha juani hata ngozi ipate moto, huzinyoa. Zinaota zikiwa mbichi.

Anampenda mtoto huyo, na hilo hakuna anayelitilia shaka. Humbeba, humwimbia, humnyonyesha huku akiangalia dirishani. Akitaka kumbusu, humgeuza na kumbusu kwenye nyayo. Akimaliza, hujipangusa mdomo kwa siri.