Godoro la Chumba cha Mbele

Walikutanishwa na sponji. Duka la vifaa lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wamebanana mbele ya kaunta kila mmoja anataka ahudumiwe wa kwanza, na mwanamke mmoja wa aproni ya kijani amekumbatia bunda la sponji refu kuliko yeye. Aligeuka kumwita muuzaji, sponji nalo likageuka, likamchapa usoni mwanamume aliyesimama nyuma yake.

"Samahani kaka, sikukuona."

"Huna kosa. Pua yangu ndiyo imekaa njiani."

"Na hiyo pua ina grisi," alisema mwanamke, akachomoa kipande cha kitambaa mfukoni, akampa ajifute. Mwanamume akajifuta, akaisambaza grisi hadi shavuni. Mwanamke akacheka mpaka mkasi alioufunga shingoni kwa utepe ukawa unarukaruka kifuani.

Basi majina yakapatikana hapo hapo. Mwanamume akawa Grisi, fundi wa injini za boti. Mwenzake akawa Bi Mkasi, mshonaji wa viti vya magari, vya kumbi, vya boti, na chochote kingine kinachokaliwa. Mwezi haukuisha, alikuwa ameshamshonea kiti kipya cha gari lake, mishono miwili miwili iliyonyooka kama rula, na pembeni nyota ndogo ya uzi mwekundu.

"Hii nini?"

"Alama yangu. Simwekei kila mtu."

"Unawawekea wangapi?"

"Wewe tu, Grisi. Nyamaza uendeshe."

Alinyamaza akaendesha. Lakini neno lile alilikalia miezi yote, kama alivyokikalia kile kiti.

Mpango wao ulikuwa mmoja tu. Wanunue boti ya faiba iliyotumika, wawe wanatembeza watu mchana, Grisi kwenye usukani na Bi Mkasi akiwapokea wageni. Wakishaipata, wanaoana. Bi Mkasi alidhani ni kazi ya wiki mbili. Mwaka ukaisha. Grisi hakutaka boti ndogo inayoyumba mtu akipiga chafya, wala kubwa inayokunywa dizeli kama ina kiu ya miaka. Alitaka ya katikati, vyumba viwili vya kulala, usukani mmoja ndani kwa siku za mvua na mwingine juu ya paa, mahali ambapo wageni hupenda kukaa karibu na nahodha upepo ukiwapiga. Ila boti za usukani wa juu zina ugonjwa wao. Maji huingia polepole kwenye matundu ya skrubu za kule juu, yakaozesha ndani huku nje pamepakwa rangi panameremeta. Kwa hiyo Grisi alitembea na nyundo ndogo, akigonga kila sehemu ya paa na kutega sikio.

"Uko wapi, mpenzi?" Bi Mkasi aliuliza kwa simu.

"Niko na boti."

"Ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Ile ya yule mjane?"

"Hiyo hiyo."

"Tangu asubuhi unakagua boti ya mjane?"

"Injini ziko mbili, mpenzi."

"Lakini mjane ni mmoja. Rudi nyumbani. Nitaolewa nikute wake wenza kumi na mmoja wa faiba."

Alikuwa anatania, na hakuwa anatania. Alipokata simu alishona mkono wa kochi nje ndani, akalazimika kuufumua.

Ya kumi na mbili ilikuwa imefungwa mwisho wa gati, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni uliofifia kwa jua. Siku hiyo Bi Mkasi alikwenda naye. Alivaa gauni la njano la mikono mifupi na raba, kilemba cha rangi ya zambarau, na Grisi akajiona mtu.

"Umeshawahi kuiona hii?" Grisi alimuuliza wakitembea juu ya mbao za gati.

"Wala. Boti yenyewe ndiyo kwanza naiona leo."

Dalali alikuwa anawasubiri. Manukato yake yalifika kabla yake, halafu vikafuata viatu vyeupe visivyo na soksi.

"Aa, fundi wangu," alisema, akampa Bi Mkasi mkono, na mkono haukurudi upesi.

"Fundi wako?" aliuliza Grisi.

"Tumefanya kazi mara mbili tatu," alisema Bi Mkasi. "Habari za siku, bwana dalali."

Dalali akamshika kiwiko, akampandisha ngazi ya nyuma moja kwa moja hadi kwenye usukani wa juu, akaone mandhari. Grisi akashuka kwenye shimo la injini. Aligusa injini ya kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa na joto.

"Niliomba nizikute baridi," alipaza sauti. Injini mbovu huficha ubovu wake ikishapata moto.

"Nimeziwasha kidogo tu, kaka, zisikusumbue," sauti ya dalali ilijibu kutoka juu. Kisha kicheko cha Bi Mkasi. Kisha hatua, raba na viatu vyeupe, zikienda upande mmoja, zikasimama. Grisi alikuwa ameinama kichwa chini miguu juu, tochi mdomoni, na badala ya kutazama mpira wa maji ya kupozea injini akawa anahesabu hatua. Nne. Sita. Mbona zimesimama? Kicheko tena.

Alitoka, akaenda chumba cha mbele, kule boti inakochongoka, kutazama kama dirisha la juu linavuja. Kitanda cha huko kina umbo la pembe tatu, na godoro lake huwa vipande viwili, kushoto na kulia. Aliinua shuka apapase unyevu. Akaona mshono. Miwili miwili, iliyonyooka kama rula. Na pembeni nyota ndogo ya uzi mwekundu.

Alirudisha shuka taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa wenyewe.

Alingoja mpaka wakafika kwenye gari.

"Ulisema ndiyo kwanza unaiona."

"Ndiyo kwanza."

"Kile kitanda cha mbele ni mkono wako."

Bi Mkasi alifikiri. "Pembe tatu? Kitambaa cha kijivu? Basi ndiyo ile. Aliniletea karatasi amechora umbo, nikakata, nikashona, akaja kuchukua. Sikujua ni ya boti gani."

"Kitanda cha watu wawili, kwa karatasi."

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Na nyota? Si ulisema unaniwekea mimi tu?"

"Grisi jamani. Nilikuwa nakutongoza. Mtu akitongoza anakula kiapo?"

"Kumbe nyota ilikuwa uongo. Sasa karatasi niiamini vipi?"

Bi Mkasi alikitazama kiti alichokalia, mshono wake mwenyewe, akafungua mlango.

"Unagonga boti za watu usikie kama zimeoza," alisema. "Mimi hukunigonga hata mara moja. Umeshapitisha nimeoza."

Akaondoka kwa miguu, gauni la njano likipotea kati ya magari yaliyoegeshwa. Grisi alijua anapaswa kumfuata. Hakumfuata.

Siku ya tatu alipiga simu. Ikapokewa na mama mdogo wa Bi Mkasi, aliyeishi naye.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndio wengi humu mjini."

"Fundi, mama mdogo."

"Fundi wa bomba? Choo tumeshatengeneza."

"Mama mdogo, tafadhali, nipe niongee naye."

Minong'ono, kisha mama mdogo akarudi. "Anasema nikwambie yuko kwenye boti, na injini ziko mbili."

Wiki ya pili alipitisha gari mbele ya karakana ya Bi Mkasi, bila sababu, akiendesha kama anayetafuta anwani. Kupitia kioo aliona miguu ya viatu vyeupe imekunjwa nne kwenye kochi la wateja. Akakanyaga mafuta. Angepunguza mwendo kidogo angeona kwamba Bi Mkasi alikuwa upande wa pili wa chumba, ameipa cherehani uso na dalali mgongo, akimwambia aache karatasi zake mezani aende, maana leo hana muda wa maongezi. Aliusikia mngurumo wa lile gari, akautambua. Sindano ikamchoma kidole. Hakuinuka.

Alhamisi dalali alimpigia Grisi. Kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, kama anaitaka aseme. Grisi akaenda peke yake, moyo umejaa nia ya kuikuta boti na kasoro. Injini safari hii zilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Zikawaka mara moja, moshi mwepesi, sauti ya kutulia. Akapanda juu, akagonga paa lote kuzunguka usukani, kila skrubu. Palikuwa pagumu, pazima. Kadiri alivyokosa kasoro ndivyo alivyokasirika. Boti aliyoitafuta mwaka mzima ndiyo hii, na ndani yake kuna kitanda kile.

Dalali alikuwa juu ya gati anazungumza na simu. Grisi akaingia chumba cha mbele, akatoa shuka, akajilaza. Hakuwa na haja ya kujilaza. Ni kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Alilala pale akimwona kila mtu aliyewahi kulala pale, na wote walikuwa na viatu vyeupe.

Tochi ikamponyoka mfukoni, ikabiringika ukutani, ikazama.

Akapeleka mkono. Kati ya godoro na ukuta palikuwa na upenyo wa vidole vinne. Akaupima upande wa pili, vidole vinne vilevile. Akakaa. Mwanamke huyu hakuwahi kuacha upenyo wa ukucha kwenye kazi yake. Akalichomoa godoro, akalisimamisha mwangani.

Kuta za boti kule mbele hupanuka zikielekea juu, kama bakuli. Godoro linatakiwa lipanuke vilevile, chini jembamba, juu pana. Hili lilikatwa kinyume. Juu lilikuwa jembamba, chini pana, kama bakuli lililofunikwa ndani ya bakuli. Aliyelikata alipewa karatasi isiyosema juu ni wapi na chini ni wapi, akakisia, akakosea. Mtu aliyewahi kuingia chumba hiki hata mara moja, akaegemea huu ukuta hata kwa bega, asingekosea hivyo. Bi Mkasi asingekosea hivyo hata usingizini.

"Kuna tatizo?" dalali aliuliza kutoka mlangoni.

Grisi alimtazama. Kulikuwa na maswali mengi ya kumuuliza mtu huyu, na majibu yake yote yangekuwa na manukato. Akayameza.

"Usimuuzie mtu mpaka nirudi," alisema, akapita na vipande viwili vya godoro kwapani.

Karakana ilikuwa na kelele ya cherehani. Bi Mkasi aliinua macho, akaona magodoro kwanza, mwanamume baadaye.

"Tunafunga saa kumi," alisema.

"Nimeleta kazi irekebishwe."

"Kazi yangu hairudi."

Grisi hakubishana. Akaliweka godoro juu ya meza ya kukatia, akaelekeza ule ukingo. Bi Mkasi akausoma kwa kidole, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Aibu ikampanda usoni.

"Nilipindua karatasi," alisema.

"Ulipindua."

"Mungu wangu. Na watu wamelala hapo."

"Wamepoteza tochi nyingi."

Nusura acheke. Akajizuia, akavua mkasi shingoni, akauweka mezani katikati yao.

"Kwa hiyo ndiyo maana umekuja. Umeniamini kwa sababu godoro limekosewa."

Grisi aliuangalia ule mkasi.

"Lingekaa sawasawa je? Ningekuwa nimefanya kazi nzuri, ningekuwa malaya?"

Angeweza kuapa. Wanaume wengi wangeapa hapo. Alitazama mikono yake yenye weusi usiotoka kwenye kucha.

"Ningekuja," alisema. "Ila ningechelewa."

"Ungechelewa kiasi gani?"

"Sijui. Nina wivu, mpenzi. Nimekaa kwenye kile chumba nikawaonea wivu watu ambao hawapo. Sikuletei ushahidi kwamba huna kosa. Mwenye kosa ni mimi, na godoro limenisuta."

Mama mdogo, aliyekuwa akikunja vitambaa nyuma ya pazia bila kukunja chochote, alikohoa. "Mwambie akae, mwanangu. Magodoro yenyewe kayabeba."

Bi Mkasi alivaa mkasi wake. "Hakai. Tunakwenda kupima."

Gati lilikuwa tulivu. Dalali aliwafungulia, akaanza kunyoosha mkono kwenye kiwiko cha Bi Mkasi, akakikuta kimeshikwa tayari na Grisi. Bi Mkasi alishuka vidato vitatu, akapita jikoni, akaingia chumba cha mbele kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaegemeza kiganja kwenye ukuta uliolalia nje. Akakaa hivyo.

"Karatasi haina ukuta," alisema kwa sauti ndogo.

Akatoa futi, akapima juu, akapima chini, akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu. Grisi alisimama mlangoni ameshika tochi, akimmulikia.

"Na boti yenyewe?" aliuliza Bi Mkasi bila kugeuka.

"Nzima. Nimegonga kila mahali."

"Basi hii inatosha. Sitaki mke mwenza wa kumi na tatu." Alikunja futi. "Na hivi vipande viwili natupa. Nashona kimoja."

"Kimoja hakipiti mlangoni. Ndiyo maana wanagawa."

"Nitakishonea humu humu ndani."

"Basi hakitatoka tena."

"Hakitatoka," alisema Bi Mkasi. "Mwingine akikitaka, itabidi aivunje boti. Mulika hapa, mume wangu, sioni pembe."