Tilapia wa Profesa Bagalwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nabintu alimsaidia mama yake kupanga samaki katika soko la Kituku, kando ya ziwa. Sambaza, wale samaki wadogo, waliwekwa kwa mafungu, na tilapia wakubwa walilazwa peke yao kama watoto wa tajiri. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa msemaji hodari, lakini wiki ile alikuwa kimya. Mawazo yake yote yalikuwa kwa kaka yake, Bulonza.

Bulonza alikuwa amefanya mtihani wa kuingia chuo kikuu kimoja pale Goma. Watahiniwa walikuwa wengi mno na nafasi zilikuwa chache, na matokeo yalikuwa bado hayajatoka. "Nikikosa, naenda ku machimbo," alikuwa amemwambia mama. Huko machimboni ndiko baba yao alikofukiwa na udongo. Mama alilia, lakini hakuwa na njia nyingine ya kumwonyesha mwanawe. Nabintu aliyasikia yote.

Shuleni, rafiki yake Fiston alimtia chumvi kwenye kidonda.

"Ku ile universite, kama hauna mutu ndani, hauingie," alisema. "Bote banajua."

Fiston hakuwahi kukanyaga chuo chochote, lakini alikuwa na habari za kila mahali. Nabintu akamwamini. Tena akakumbuka kwamba mtu wanaye: Profesa Bagalwa wa mtaa wa Keshero, mteja wa mama, alifundisha katika chuo hicho hicho.

Jumamosi, mama alipogeuka kuzungumza na wavuvi, Nabintu alichukua tilapia mkubwa kuliko wote, akamtia katika mfuko wa plastiki na kwenda mbio hadi Keshero.

"Jambo, papa profesa."

"Jambo, mutoto. Mama amekutuma?"

"Hapana, papa. Ni mimi tu. Yaya Bulonza, kaka yangu, alifanya mutihani kwenu. Naomba umusaidie apite. Huyu samaki ni wa kwako."

Profesa hakuugusa mfuko. Aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, uso umembadilika.

"Mutoto wangu, umefanya nini? Kwetu, kama zawadi inaletwa juu ya mwanafunzi, ule mwanafunzi banaweza kumutoa. Ile njo sheria ya chuo. Na mimi siwezi kunyamaza."

Nabintu aliuvuta mfuko kifuani. Alikuja kumwokoa kaka yake, kumbe amemsukuma shimoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Rudisha samaki," profesa alisema kwa upole. "Halafu umwambie yaya yako ukweli leo. Asisikie kwa batu bengine."

Njiani alishawishika kunyamaza. Alitaka hata kusema kwamba samaki aliibwa na kibaka. Lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika, na Bulonza angezidi kuumia kama angedanganywa pia. Alipofika sokoni aliwakuta mama na Bulonza, akaeleza kila kitu. Mama aliketi chini.

"Umenizika, Nabintu," Bulonza alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza dada yake zaidi.

Jumatatu, Bulonza alimshika mkono wakaenda chuoni. "Tutasema sisi wenyewe," alimwambia njiani. "Kama ni kunitoa, banitoe bakijua yote."

Walipokewa na mama Joviale, mkuu wa kamati ya kuchagua wanafunzi. Nabintu alisimulia huku akilia. Mama Joviale akamgeukia Bulonza.

"Ni wewe ulimutuma?"

"Hapana, mama. Lakini ni juu yangu alifanya."

"Muende, mungoje."

Kungoja kule kulikuwa mateso. Bulonza alianza kupanga nguo zake kwenye gunia, tayari kwa machimbo. Mama aliuza samaki bila kuwaita wateja. Nabintu kila alipoliona lile gunia alitamani ardhi immeze.

Kisha siku moja Profesa Bagalwa alifika sokoni, akasimama mbele ya meza yao.

"Bulonza amepita," alisema.

Mama alijifunika uso kwa kitenge akalia. Nabintu hakuamini masikio yake.

"Ni wewe ulimusaidia, papa?"

"Mimi? Ulipokuja kwangu, nilieleza kamati, na balinitoa ku kazi ya kusahihisha. Kwetu karatasi haina jina, iko na namba tu. Batu babili banaisoma, kila mutu peke yake. Kisha banaangalia mutoto alisomea wapi, na kama vita ilimufungia masomo, kwa sababu bote hawakuanzia mahali moja. Na ile sheria inamutoa mwenye kutuma zawadi. Yaya yako hakutuma, na alikuja mwenyewe kusema ukweli."

Akainama hadi macho yake yakakutana na ya Nabintu.

"Sikia, mutoto wangu. Kama angeingia na samaki yako, maisha yake yote angejiuliza ni nani aliingia, yeye ao samaki. Na mwingine mwenye kustahili angebaki inje. Mutu anapita na kazi yake. Ukifanya kosa, unasema ukweli, hata kama unaogopa."

Kwa furaha, mama alinyanyua tilapia mkubwa kuliko wote amkabidhi mgeni. Nabintu akamshika mkono.

"Mama," alisema, "papa profesa atalipa."

Profesa alicheka, akaingiza mkono mfukoni, akalipa.